Mpishi Hakuwepo

Marehemu Shebe alikuwa amefumbua kesi kumi na moja za mauaji kwenye mchezo wake wa video, amejifunga msuli, chai pembeni. Ya kumi na mbili, iliyo ya mwisho, aliiacha karibu na mwisho akafa kwa presha, kifo kisicho na mtuhumiwa.

Baada ya arobaini, mjane wake Mwanaidi alishika rimoti. Kwenye skrini, mpelelezi aliyepewa jina la Shebe alisubiri kuambiwa amkamate nani.

"Ni daktari, mama," bintiye akasema. "Ukimtaja tu, mchezo umekwisha."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mwanaidi akamchagua mpishi.

"Mama, mpishi hata hakuwepo."

"Najua."

Maandishi yakatokea: *Umekosea. Rudia uchunguzi.*

Inspekta Shebe akavaa kofia, akaenda kubisha hodi mlango wa kwanza.