Mpira wa Vizibo

Kila kipindi cha michezo Mwanahawa, ambaye hakuwa akiona tangu kuzaliwa, alikaa kwenye ngazi za darasa akishika viatu vya wenzake. Siku hiyo Mwalimu Stambuli alikuja na mpira wa matambara alioushona mwenyewe, ndani kajaza vizibo vya soda.

"Leo tunacheza rede," alisema. "Mwanahawa anakaa kati. Akipigwa mara tatu, ametoka."

Watoto walitazamana. Wawili wangerusha mpira kutoka pande mbili, na yeye angekwepa. Mwanahawa aliweka viatu chini, akatembea hadi alipoelekezwa.

Mpira wa kwanza ulimpata begani, wa pili mgongoni. Darasa zima lilikuwa likishangilia. Mwalimu alimsogelea, akamwambia taratibu, "Basi mwanangu, nenda kapumzike."

"Bado mmoja, Mwalimu," alijibu. "Vizibo navisikia. Hawa ndio wanaonizibia kwa kelele."

Mwalimu alisita, aibu ikampita usoni. Kisha akatangaza sheria mpya: atakayetoa sauti, hachezi.

Mpira wa tatu ulikuja. Mwanahawa akainama, ukapita juu yake.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini haraka. "Mbona kimya? Watoto wamekwenda wapi?"

Stambuli aliweka kidole mdomoni. Uwanjani watoto arobaini walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Katikati yao Mwanahawa alikuwa amekunja magoti, sikio kaligeuzia upande ambako mpira ulikuwa ndiyo kwanza unatoka mkononi.