Kisogo cha Mteja

Mteja alisimama kibarazani akiwa ameligeuzia duka kisogo. Hakupiga hodi. Alikohoa, akatema tumbaku kwenye mfereji wa mvua, kisha akaiambia barabara:

"Mwanamume wa hapa yupo?"

Veronika aliinua macho kutoka kwenye kibodi aliyokuwa akiifuta vumbi. Mzee huyo hakuwa mtu wa mjini Tukuyu, Veronika hakupata kumwona kabla. Koti lake lilichuruzika maji, na harufu ya zizi ilikuwa imeshamtangulia kuingia.

"Shikamoo, mzee. Mume wangu amekwenda Mbeya kufuata karatasi. Fundi wa kompyuta ni mimi. Karibu ndani."

Mzee hakuitikia shikamoo. Alipiga hatua moja kuelekea barabarani, kisha akarudi pale pale.

"Basi," alisema mwishowe. "Nimetembea mbali. Hapa panatosha."

Veronika alimwonea kinyaa, na si kwa sababu ya harufu peke yake. Kwao Singida, mtu akisalimiwa hugeuka. Lakini tangu aolewe na Asajile na kumfuata huku Rungwe, digrii yake mkobani, alikuwa ameanza kuzoea visogo. Hata baba mkwe hakufika harusini, wala hakuwahi kukanyaga nyumbani kwake na Asajile, ingawa kijiji chake cha Kinyala si mbali. Alituma salamu na ahadi ya ng'ombe. Salamu zilifika, ng'ombe hakuonekana. Asajile alisema hiyo ni heshima ya kwao. Veronika aliona ni njia ya upole ya kumwambia mtu kwamba hatakiwi.

"Unataka nini, mzee?"

"Kompyuta ya kuweka nyumbani. Iwe ndogo, chumba chenyewe kidogo."

"Umeme upo?"

"Upo."

"Na skrini?"

"Skrini haihitajiki."

Veronika alitabasamu kwa uchungu. Aliwajua watu wa namna hii. Tangu biashara iachiwe huru, kila aliyeshika pesa za mauzo ya chai alitaka kitu cha kufunika kwa kitambaa sebuleni, majirani wakione. Huyu hakutaka hata kukiwasha.

Akaanza kumtajia vifaa kimoja kimoja. Mzee hakugeuka kutazama hata kimoja. Alichagua kwa masikio, kama mtu anayenunua ng'ombe gizani. Prosesa, aliuliza kama inakula sana. Feni, kama itamnyima mtu usingizi. Kumbukumbu, kama itaweza kuongezwa baadaye, maana kitu cha nyumbani sharti kizae. Siku nyingine Veronika angecheka. Lakini kila baada ya jibu mzee alirudia swali lile lile, akiielekezea barabara:

"Yeye angechukua ipi?"

Yeye. Kama vile hayupo. Kama vile ni mbuzi aliyefungwa kwenye mlango wa duka.

"Ningechukua hii," alijibu Veronika, meno yamekazana.

"Basi hiyo."

Na tumbaku ikaruka tena mferejini.

Ikabaki pawa saplai, ile inayogawa umeme kwa vifaa vyote. Zilizoweza kuingia kwenye kasha dogo zilikuwa mbili tu. Moja ilitoka kwenye mitumba ya Ulaya, ile inayomwagwa nchini kwa makontena. Ndani ilikuwa na mayai ya mende, na vikopo vyake vya kuhifadhi umeme vilivimba vikatoa ute wa kahawia unaonuka kama mkojo wa paka. Ingewaka siku kadhaa, kisha ingeungua na kuunguza kila kilichounganishwa nayo. Nyingine ilikuwa mpya. Hiyo Veronika alijiwekea mwenyewe. Alitaka kuunda kompyuta ya nyumbani, awafundishe kuchapa wasichana wa mtaani waliokosa shule. Mpaka leo ndoto hiyo ilikuwa ni pawa saplai hii, na skrini kuukuu chini ya kitanda, imefunikwa kitenge.

Mkono wake ukaenda kwenye ile mbovu. Atajuaje, na hata hatazami?

Ute ukamnata vidoleni. Akaona kinyaa, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Siku walipofungua duka alimwahidi Asajile kwamba hapa hatauziwa mtu uchafu, awe nani awaye. Akaitupa kwenye pipa la taka, akanawa, akaishusha ile mpya. Macho yalimwasha.

Alipomaliza kuunga, alijaribu kompyuta kwa skrini ya duka. Ikawaka kimya kimya.

"Inahema?" aliuliza mzee.

"Inahema," alijibu Veronika, akataja bei.

"Arudi nyuma kwanza."

Veronika akarudi nyuma, mashavu yakimchoma. Mzee akapitisha mkono mgongoni, akaweka noti kizingitini, chini, kama anayemwekea mbwa chakula. Zilikuwa na unyevu, na zilinuka ng'ombe. Kisha akashuka kibarazani, akaondoka mikono mitupu.

"Mzee, umesahau mzigo wako."

Hakugeuka. Veronika akalikumbatia kasha, akamfuata hadi mlangoni. Ng'ambo ya barabara Asajile alikuwa akija na bunda la karatasi chini ya mwavuli. Alipomwona mzee alishtuka, akaufunga mwavuli na kupiga goti pale pale matopeni.

"Shikamoo, tata," alimwamkia baba yake.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alisimama, lakini kisogo chake kilibaki kinalitazama duka. "Ulisema mkeo hana pa kufugia ng'ombe, anatamani kompyuta. Ng'ombe wake nimemuuza, na ndama wake pia. Ahadi yangu ameishika mikononi."

Akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akashika njia ya Kinyala.

"Na umwambie sikumvunjia heshima ya ukwe ya kwetu," alisema. "Sikumtazama hata mara moja."