Nungunungu na Kimya cha Fuko

Zamani, mnyama akitaka kuchimbiwa nyumba aliinamia shimo la Fuko akamwita. Fuko alikuwa mtiifu kupita kiasi: kila wito kwake ulikuwa kazi mpya, wala hakuitika mpaka amalize.

Nungunungu, mama asiyejua kungoja, akainama. "Fuko, nichimbie chumba chini ya nyumba yangu." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mpaka koo likamkauka.

Jirani yake Pimbi akamwonya, "Mwenzangu, ukirudia, mwambie ni wito ule ule."

"Angenisikia angeitika!" akafoka Nungunungu, akaita tena.

Siku moja, akiwa amejilaza na wanawe, sauti ndogo ikapanda kutoka ardhini: "Tayari, bibi." Akacheka kwa furaha. Kabla hajafunga mdomo, ikaja tena: "Tayari, bibi." Kisha tena, safari hii kutoka chini zaidi. Sakafu ikaanza kuvuma kama ngozi ya ngoma.

"Basi, Fuko! Acha!"

"Amekusikia," Pimbi akasema mlangoni. "Lakini agizo hilo nalo litangoja zamu yake. Toa watoto!"

Nungunungu akawasukuma nje wanawe. Wa mwisho alipotoka, nyumba ikazama, na mama yao ndani.

Vumbi likatulia. Gizani kule chini, sauti ikasema kwa adabu, "Nimeacha, bibi."

Watoto wakainamia shimo. "Fuko, tutolee mama," wakasema, mara moja tu, wakanyamaza.

Hata leo ukimkuta nungunungu ameinamia shimo, usimsemeshe. Anangoja jibu.