Rehani ya Mama

Siku hizi viza ya matibabu inatolewa kwa rehani ya mtu. Mgonjwa akisafiri, ndugu yake mzima anafungiwa ubalozini mpaka arudi. Bibi yetu naye alifungiwa bomani mpaka babu alipe kodi ya kichwa, tukaambiwa eti mambo hayo yamekwisha!

Mama alipotakiwa kupasuliwa moyo, dada yangu Tatu alijitolea.

"Mwanangu, usikubali," mama alimsihi pale mlangoni pa ubalozi.

"Nenda, mama. Humu wali ni wa bure, utanikuta nimenenepa."

Mama alifia kwenye meza ya upasuaji, wiki ya pili. Nilipeleka cheti cha kifo ubalozini, nikiamini watamwachia Tatu. Karani akanisomea sheria: aliyerudi ni yule anayevuka mpaka kwa miguu yake.

Huu ni mwezi wa tisa tangu afungiwe. Kila Ijumaa nampelekea Tatu mihogo ya nazi anayoipenda, naye huniuliza kupitia kioo:

"Mama anaendeleaje?"

"Vizuri. Anakusalimu sana."

"Mwambie asiharakishe, kaka. Apone kwanza."