Upindo

Bi Saumu alitandika kanga yake mezani, mbele ya skrini ya Nyange, fundi wa kurekebisha rangi za video. Kwenye skrini bintiye marehemu, Mwatima, alikuwa akicheza harusini, amejifunga kanga hiyohiyo. Mkanda ulikuwa umechakaa na watu wote wamegeuka kijani.

“Sina picha yake nyingine,” alisema. “Ifuate rangi ya kanga hii, baba.”

Nyange alizungusha vidhibiti vya rangi taratibu, mpaka kanga ya kwenye skrini ikafanana na ile ya mezani. Kijani kiliondoka, lakini uso wa Mwatima ulibaki wa kijivu.

“Siye huyu. Mwanangu alikuwa maji ya kunde.”

Nyange aliipapasa kanga. “Umekuwa ukiivaa, mama?”

“Tangu tumzike. Nafua, naanika juani, navaa tena.” Akaitazama upya, jinsi ilivyopauka. “Kumbe nimemfuta mwenyewe.”

Nyange aliivuta kanga karibu yake. Alichukua wembe, akafumua upindo kwa uangalifu, uzi baada ya uzi. Ndani ya mkunjo, mahali ambapo jua halijawahi kufika, palikuwa na utepe mwembamba wa rangi nyekundu, mbichi kama siku iliponunuliwa.

Nyange akaifuata rangi ya utepe huo. Kanga ya kwenye skrini ikawaka, na uso nao ukapata rangi yake. Mwatima akageuka, maji ya kunde, akacheka.

Bi Saumu alimtazama mara moja tu. Kisha akaukunja upindo upesi, akaubana kwa vidole vyote, kwa kuwa jua la dirishani lilikuwa limeshafika mezani.