Mguu wa Mninga

Makaa yaliisha karamu ya harusi ikiwa imepamba moto. Bwana harusi, Jabali, alikuwa jini wa mvuke. Tanuri linalompa uhai likipoa, naye hutoweka. Bi Tamima, bibi harusi, aliwainua mabwana wakubwa wa mji mmoja mmoja, akachoma viti vyao, kisha kofia zao ndefu za hariri. Kinanda nacho kikateketea.

Jabali akabaki kiwingu chembamba juu ya bomba la tanuri.

Bi Tamima akaketi sakafuni, akapandisha gauni, akaanza kufungua mikanda ya mguu wake wa mbao ya mninga, uleule aliochezea naye dansi tangu alasiri.

"Huo hapana, mke wangu."

"Nyamaza. Utanibeba."

Akatambaa na mguu mkononi hadi tanurini, akauvuta mlango. Haukufunguka: Jabali alikuwa ameshuka kupitia bomba, ameushikilia kwa ndani.