Taa ya Kadi ya Pili

Kompyuta ya Linux aliyoitunza Winfrida, fundi wa hospitali moja huko Newala, ilikuwa daraja kati ya dishi jipya la setilaiti na chumba cha upasuaji. Kadi yake ya pili ya mtandao, iliyopeleka mawasiliano chumbani humo, ilikuwa imezimika. Maelekezo ya daktari bingwa wa Dar yaliishia kwenye skrini ya Winfrida; hayakuwafikia tena waliokuwa wakimpasua mzazi anayevuja damu.

"Dada, nisomee wewe, nikimbie nayo," muuguzi alisema mlangoni.

"Utachelewa."

Draiva mpya, programu ya kuendesha kadi, ingeweza kuifufua ile ya pili. Ingeweza pia kuiua ya kwanza, iliyopokea kutoka kwenye dishi.

Jasho lilidondoka kwenye kibodi. Winfrida akabonyeza kuipakia.

Taa ya kadi ya kwanza nayo ikazimika.

Ikawaka. Ya pili ikakawia, kisha ikapepesa kijani.

Sauti ikapaa kutoka chumba cha upasuaji: "Bingwa anauliza tumeshafunga mshipa upi!"